Ngoma Ambazo Bethwel Hakuzipiga

Bethwel hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa stoo kwa bega, komeo likang'oka na misumari yake, na mara akawa katikati ya chumba, mkono mmoja ameshika CD na wa pili ameshika mguu wa chuma wa kiti cha kupigia ngoma. Chepkorir alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, hedifoni masikioni, anaimba huku amefumba macho. Hakusikia kitu. Alipofumbua macho alimwona kwanza Arjun, amesimama kando ya kompyuta, uso umempauka, ndipo akageuka na kumwona kaka yake.

Ilikuwa Alhamisi alasiri, mwezi wa Agosti mwaka wa 2007. Kesho kutwa, Jumamosi, watu wa Arjun walikuwa waende Njoro kwa koito, ile siku ukoo wa msichana hukaa na ukoo wa mvulana wakakubaliana au wakakataana. Baba yake Chepkorir alikufa binti akiwa darasa la nne, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la Bethwel. Wajomba wangesema yao, mama angesema yake, na majirani pia hawakosi la kusema, lakini Bethwel akitikisa kichwa tu, mambo yameisha. Wageni wangemaliza maziwa lala waliyopewa na kurudi Nakuru walikotoka.

Chepkorir alivua hedifoni na kumsalimu. Bethwel aliiweka CD mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Weka hii," alimwambia Arjun.

"Brother Bethwel, karibu. Keti kwanza, Aunty alete chai."

"Sikukuja chai. Weka."

Niseme kidogo kuhusu huyu Arjun, maana watu wa Njoro walisema mengi na mengi hayakuwa kweli. Alikuwa kijana wa Ratilal, yule mwenye duka la hardware mjini, na tangu utoto alipenda muziki kuliko misumari. Alimsikia Chepkorir akiimba kwenye harusi ya dereva wa baba yake, na kuanzia siku hiyo hakulala vizuri. Ratilal alipojua, aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga boma la mtu Njoro. Aliyemtetea kijana ni shangazi yake, Champa, mjane aliyekaa peke yake Milimani katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Champa alimpa Arjun stoo ya nyuma afanye studio, wakabandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, na Ratilal alipokataa kwenda kwenye koito, mama huyo alisema ataenda yeye, amevaa sari yake ya harusi, na peremende atabeba.

Bethwel naye alikuwa na pingamizi lake, na alilisema wazi tangu mwanzo. Hakujali rangi ya mtu wala dini yake kama wajomba walivyojali. Alisema hivi: huyu ni kijana mzuri, ana adabu, lakini siku mbaya ikija atamlinda dada yangu na nini, na risiti? Mikono yake haijawahi kushika jembe. Mtu akimpiga kofi atamwomba msamaha aliyempiga. Mwaka mzima aliimba wimbo huo, na Chepkorir mwaka mzima alilia, mpaka Bethwel alipolainika. Na kilichomlainisha ni ngoma.

Kwa maana Bethwel alikuwa mpiga ngoma wa kanisa lao pale Njoro. Aliacha shule kidato cha pili akabeba magunia ya viazi Mau Narok ili Chepkorir asome, na kitu kimoja tu alichojifanyia yeye mwenyewe ni kujifunza ngoma. Mwezi wa Machi Arjun alienda na maikrofoni zake kanisani, akamrekodi siku mbili nzima kwa ajili ya wimbo wa Chepkorir. Wimbo ulipotoka mwezi wa Juni, redio zikaupenda. Watu walimsimamisha Bethwel barabarani kumshika mkono. Mama yao alisema hakumwona mwanawe akitembea kifua mbele namna hiyo tangu atoke jandoni.

Sasa wimbo huo ulikuwa ukicheza stooni. Bethwel alisikiliza akitazama sakafu. Ulipofika pale sauti ya Chepkorir inapopanda, aliinua chuma.

"Hapo. Rudisha."

Arjun alirudisha. Juu ya gitaa lilisikika toazi, linalia laini kwa muda mrefu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ride, ile toazi kubwa," Arjun alijibu.

"Mimi niko na ride?"

Kanisa la Njoro lilikuwa na toazi moja, tena lenye ufa, na Bethwel mwenyewe ndiye aliyelitoboa tundu mwisho wa ufa ili lisizidi kupasuka. Kwenye redio ndogo ya jikoni, na kwenye simu za watu, mtu asingeweza kutofautisha. Lakini jana yake Bethwel aliusikia wimbo huo kwenye spika kubwa.

"Jana niliitwa na Jonah, yule wa bendi ya hoteli," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Chepkorir alitamani apige kelele badala yake. "Aliniita sababu ya hii wimbo. Wakaiweka kwa spika zao, wakaniambia piga vile ulipiga hapa. Nikapiga. Wakasema piga tena. Mara ya tatu Jonah akaniuliza, kwani wewe ndio Bethwel mwenyewe, ama yeye ametuma ndugu yake? Wakacheka. Hata mama wa jikoni alitoka akacheka."

"Brother, naomba nikueleze."

"Usinieleze. Nionyeshe mkono yangu. Nataka kusikia tu mimi, bila hizo zingine."

Arjun aliketi. Alizima gitaa, akazima kinanda, akamzima Chepkorir, zikabaki ngoma peke yake, na kwenye kioo zikatokea safu za vijiraba vya rangi, kila kimoja pigo moja. Zilikuwa ngoma safi kabisa. Zilisikika kama mtu ameketi pale chumbani anapiga, na mtu hayupo.

"Hizi ni nini?"

"Ni plug-in. Ni drummer wa kompyuta. Cousin yangu Bhavin aliniletea kutoka Leicester. Unachagua drums, unamwambia apige nini, anapiga."

"Na mimi niko wapi?"

Chepkorir alijua alipo. Alikuwa ndani ya kompyuta ileile, kwenye faili lililoandikwa jina lake, mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alianza vizuri, halafu akaongeza mwendo kama ng'ombe aliyenusa chumvi, mpaka mwimbaji akakosa pumzi. Ilitosha kubofya mara moja tu ili Bethwel ajisikie. Arjun alimtupia Chepkorir jicho moja la haraka, na katika jicho hilo dada mtu alisoma kila kitu. Arjun hakutaka Bethwel ajisikie, siku hiyo wala siku nyingine.

"Nilifuta," Arjun alisema.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii haikufika hata mlangoni.

"Ulinifuta," Bethwel alirudia polepole. "Mimi nilikuja na mkono yangu, ukanifuta, ukaweka mashine, halafu ukaniacha nitembee Njoro nikisalimiwa."

Chuma kilishuka kwenye kioo cha kompyuta. Vijiraba vya rangi vilizimika, vioo vikamwagika mezani, lakini kompyuta yenyewe, iliyokuwa chini ya meza, iliendelea, na zile ngoma zikaendelea kupiga kwenye spika bila kujali kitu. Nadhani hilo ndilo lililomtia wazimu. Aligeukia spika ya kushoto akaipiga hadi ikatoboka, akageukia ya kulia akaipiga hadi ikaanguka, na hata ngoma zilipokoma hakuacha. Akavunja maikrofoni. Akavunja kinanda, meno yake meupe yakaruka hadi miguuni kwa Chepkorir. Arjun aliinua mikono kumzuia, na pigo lililofuata likamkuta yeye, begani, akaanguka juu ya nyaya.

Chepkorir alimrukia kaka yake kiunoni. Alimng'ang'ania kwa nguvu zote, akamwita kwa jina, akamwita kwa jina la baba yao, na Bethwel alimkung'uta kama anavyokung'uta mtu gunia mgongoni. Kisha akatupa chuma pembeni. Alisema hii si kazi ya chuma, ni kazi ya mikono. Alimwinua Arjun kwa shati akampiga ngumi ya kwanza mdomoni.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Ni mimi."

Ngumi ya pili ilimpata jichoni.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu. Wazo ni langu."

Hapo, msomaji wangu, nakuomba usimhukumu Chepkorir upesi, ingawa yeye mwenyewe alijihukumu na hajamaliza hadi leo. Wazo halikuwa la Arjun. Mwezi ule wa Machi, mvua ikinyesha juu ya bati la stoo hiyohiyo, waliketi wawili wakasikiliza rekodi zote kumi na moja, na Arjun ndiye aliyesema wamwite Bethwel wamweleze, warudie, hata kama itachukua mwezi. Chepkorir ndiye aliyekataa. Alisema huwezi kumwambia kaka yangu kwamba kitu kimoja anachojivunia hakijui. Alimshika Arjun mikono miwili akamwambia badilisha, lakini asijue kamwe. Akaongeza, na hili ndilo lililomchoma zaidi, kwamba Bethwel akijisikia redioni atakupenda.

Arjun alikubali kwa kuwa alikuwa anapenda, na anayependa hukubali mengi. Lakini hakuweka ngoma hizo ovyo. Wiki mbili alisikiliza jinsi Bethwel anavyopiga, mkono wa kushoto unavyochelewa kidogo, anavyokisukuma kiitikio kabla hakijafika, akaifundisha mashine makosa hayo, machache, yale matamu. Ndiyo maana Bethwel alijisikia akaamini.

Na sasa Arjun alikuwa akipigwa kwa ajili ya ukimya wa Chepkorir. Chepkorir aliliona hilo wazi na bado ulimi haukumtii. Aliogopa. Akisema, koito imekufa. Akisema, amempoteza aliyemlea. Alihesabu hasara zake huku mwenzake akihesabu ngumi, na ngumi zilikuwa nyingi. Arjun hakurudisha hata moja. Kila aliposukumwa chini aliinuka, akasimama, mikono imening'inia kando.

"Nilikuiga wewe," alisema, damu ikimtoka puani. "Kila kitu, brother. Nilikuiga wewe."

"Ng'ombe yako ikiibwa halafu uletewe picha yake, utakamua?" Bethwel aliuliza. Naye alikuwa akilia. Machozi yalimtiririka na mikono haikusimama. "Pigana basi. Pigana na mimi kama mwanaume. Mimi nilisema, huyu hajui kupigana. Nitampa nani dada yangu?"

Alimsukuma ukutani, akamkaba shingo kwa mkono wa kulia. Trei za mayai zilibomoka nyuma ya kichwa cha Arjun. Miguu yake ikaanza kutafuta sakafu. Alikuwa akimtazama Chepkorir juu ya bega la Bethwel, kwa jicho moja lililobaki wazi, na katika jicho hilo hakukuwa na lawama. Hata ombi halikuwemo. Alikuwa akimwambia anyamaze.

Moyo wa Chepkorir ulipasuka hapo.

"Ni mimi, Bethwel. Ni mimi nilimwambia."

Mkono ulilegea. Arjun aliteleza chini akikohoa.

"Umesema nini?"

"Yeye alitaka akuite, akuambie. Mimi ndio nilikataa. Nilimwambia abadilishe na usijue. Muache. Kama ni kupiga, nipige mimi."

Kuna maneno ambayo mtu hayasemi mbele ya hasira. Bethwel hakuwahi kumgusa dada yake tangu azaliwe. Aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto, aliyemnyoa, aliyemnunulia viatu vya kwanza, alimgeukia sasa na uso ambao Chepkorir hakuujua, na kofi la mgongo wa mkono lilimpata shavuni kwa nguvu zilizokuwa zimebaki za siku nzima. Alizunguka. Pembe ya meza ikamkuta mdomoni, akasikia jino likikatika, kisha akawa amekaa sakafuni kati ya vioo, na ladha ya damu kinywani.

Bethwel aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Hakuwa na muda wa kuutazama sana. Arjun alikuwa ameinuka. Chepkorir hakumwona akikiokota kile chuma. Aliona tu kimepanda juu, mikononi mwa kijana aliyekuwa akiomba ruhusa hata ya kumshika kidole, na kikashuka juu ya mkono uleule uliompiga, kati ya kiwiko na kiganja. Ulisikika mlio kama wa ukuni mkavu. Bethwel alianguka magoti bila kupiga kelele, mkono umejikunja pale ambapo mikono haijikunji.

"Usimguse," Arjun alisema. Sauti haikuwa yake. "Usimguse tena. Mimi unaweza kuniua. Yeye usimguse."

Akainua chuma mara ya pili. Safari hii hakikuwa kinatafuta mkono. Chepkorir alikifuata kwa macho akaona kinatafuta kichwa, na Bethwel, amepiga magoti, hakujikinga. Aliinamisha kichwa kama anayesema sawa.

Chepkorir hakumbuki jinsi alivyovuka chumba. Alijikuta ameukumbatia mkono wa Arjun kwa mikono yake miwili, amening'inia juu yake kama mtoto kwenye tawi, akimpakaza damu ya mdomo wake shati zima. Walivutana. Alikuwa na nguvu, huyu kijana wa risiti. Aliendelea kuvuta kuelekea chini, na macho yake hayakumwona anayemvuta.

Kilichowaachanisha ni maji. Yaliwapata wote watatu kwa pamoja, baridi, na povu la sabuni, ndoo nzima ya kufulia. Mlangoni alisimama Champa, mama mnene wa miaka sitini na kitu, sari ameipandisha kiunoni.

"Hapa kwangu hakuna mtu nakufa," alisema. "Weka hiyo chuma chini. Chini, Arjun. Wewe kijana, onyesha mimi mkono. Chepkorir, kuja hapa, mama." Alitazama kioo kilichovunjika, akatazama kinanda, akaunyamazia uharibifu wote. "Wote ingia gari."

Waliingia. Champa mwenyewe aliendesha pikapu ya marehemu mumewe hadi hospitali, na kila tuta alilipita polepole kwa ajili ya mkono ule. Chepkorir aliketi kando yake na kaka yake mlangoni, kichwa cha Bethwel kimeegemea dirisha, macho amefumba. Arjun alikaa nyuma, juu ya magurudumu ya akiba, amelowa, akitetemeka kwa baridi.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama wa makamo asiyeshangazwa na kitu. Aliwatazama wanne hao, watatu wamelowa, mmoja kavunjika, mmoja kavimba, mmoja hana jino, akauliza swali alilowajibika kuuliza. Nani amemvunja huyu mkono? Kama kuna kesi, alisema, aambiwe mapema aandike.

Arjun alisimama. Alikuwa amefungua mdomo kusema ni mimi, kwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii kwa haki yake. Bethwel alimtangulia.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Hakuna kesi. Ni mambo ya nyumbani."

Mwaka mzima Chepkorir alilingoja neno hilo. Alilala akiliota, akaamka akiliombea. Bethwel alikuwa amemwita Arjun yule kijana, yule Muhindi, yule wa hardware, hata siku alizofurahi naye hakuwahi kuvuka hapo. Sasa neno lilitoka kirahisi, kwenye benchi la hospitali, katikati ya harufu ya dawa. Champa alitoa pumzi ndefu. Arjun alikaa, akafunika uso, mabega yakamtikisika.

Mkono ulipokwisha kufungwa plasta, na Chepkorir amepewa pamba ya kuuma, walikaa wote nje juani, kwenye ukuta mfupi. Bethwel alimsogelea dada yake. Hakuomba msamaha kwa maneno. Aligusa shavu lake kwa vidole vya mkono mzima, akavirudisha haraka.

"Nilikuwa mbaya?" aliuliza. "Kwa hizo ngoma. Niambie wewe."

Chepkorir alikuwa na sababu elfu za kumwambia la, ulikuwa mzuri. Kwanza mkono ule, pengine usingepiga tena. Lakini alikuwa ameona uongo wa upole umefika wapi.

"Ulikuwa mbaya, Bethwel. Ulikuwa unakimbia. Na Arjun hakukufuta. Ziko zote. Alisema uongo usijisikie."

Neno hilo lilimwingia Bethwel, likamuuma, Chepkorir akaliona likimuuma, na hakulirudisha.

"Mngeniambia, ningejifunza," alisema Bethwel. Kisha akamgeukia Arjun. "Jumamosi mkuje. Nitawaambia wazee ndiyo. Mtu ambaye ananivunja mkono sababu ya dada yangu, huyo naweza kumwachia. Nilikuwa nafikiri wewe ni mtu wa karatasi."

Arjun alicheka kwa mdomo uliopasuka. Bethwel naye akacheka, ameushika mkono wake. Walitazamana kama watu waliotoka vitani upande mmoja, na Champa tayari akaanza kuuliza wazee wa Njoro wanapenda peremende za aina gani.

Chepkorir aliwatazama. Furaha aliyoingoja mwaka mzima ilikuwa imefika na hakuona mahali pa kuikalisha. Alimpenda Arjun. Alimpenda hata pale, jicho limeziba na pua imevimba, pengine zaidi ya jana. Lakini aliendelea kuona kile chuma kikipanda mara ya pili.

"Arjun," alisema, na kwa sababu ya pamba ilimbidi aseme polepole. "Kama nisingekushika, ungeacha?"

Kicheko kilikatika. Arjun alimtazama, akatazama kichwa cha Bethwel, akatazama mikono yake mwenyewe. Angeweza kusema ndiyo. Wangemwamini wote.

"Sijui," alisema. "Chepkorir, sijui."

"Hilo ndilo neno la kweli kutoka kwako leo."

Alisimama.

"Jumamosi hakuna koito. Nitamwambia mama mwenyewe, na wajomba nitawaambia. Mtangoja mpaka hiyo plasta itoke. Nyinyi wawili mmependana leo sababu kuna damu. Mimi nataka kuona kama mtapendana siku kawaida, siku ya kunywa chai tu. Na mimi pia nataka kujijua, kama bado nasema ndiyo. Leo hakuna mtu aliniuliza."

"Wiki sita?" Bethwel aliuliza.

"Hata kumi."

Arjun alifungua mdomo kubembeleza, akaufunga. "Nitangoja," alisema.

"Na mimi ninakupenda," Chepkorir alimwambia, mbele ya kaka na mbele ya shangazi, jambo ambalo wasichana wa Njoro hawafanyi. "Usifikiri ni kingine. Ninakupenda, na utangoja."

Champa alifungua mlango wa pikapu. Bethwel alielekea mbele, mahali pake pa mgonjwa. Chepkorir alimtangulia, akapanda, akaufunga mlango, akamwonyesha nyuma kwa kidole. Kaka mtu alisita, kisha Arjun akapanda kwanza, akamnyooshea mkono, akamvuta juu taratibu kwa upande usiovunjika. Waliketi wakitazamana juu ya magurudumu ya akiba, na gari likaanza kupanda kuelekea Milimani.